Mamba wa Rusizi na Filamu Isiyomjua

Naona akina mama wengi wamekaa safu za mbele, na jambo hilo limenifurahisha. Sehemu kubwa ya nitakayosema inahusu kazi za ukingoni mwa maji, na kazi hizo wanazijua wao kuliko wengi wetu.

Nimeombwa nizungumzie sinema ya kutisha. Ningeweza kuzunguka nchi nyingi, lakini ipo filamu moja inayodai kutokea hapa kwetu Burundi, na nadhani ni haki tuihukumu sisi wenyewe badala ya kuwaachia wahakiki wa mbali. Filamu hiyo ni Primeval. Ilitoka Marekani tarehe 12 Januari 2007 chini ya Hollywood Pictures, tawi la Disney. Mwongozaji wake ni Michael Katleman, na stelingi ni Dominic Purcell, ambaye wengi mlimjua kwanza katika tamthilia ya Prison Break. Kisa chenyewe ni hiki: mama mmoja mzungu, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, anauawa na mamba huku akichunguza kaburi la halaiki. Kituo cha televisheni cha Marekani kinatuma waandishi wake Burundi wakamkamate mamba huyo akiwa hai. Wanapambana na mamba, na wanapambana pia na kiongozi wa wapiganaji aliyejipachika jina la mamba huyo, Little Gustave. Karibu wote wanakufa.

Kusudi langu leo ni kuonyesha kwa nini filamu hii ilianguka. Wengi husema ilikosa pesa ya kutosha, wengine husema habari za mamba zimechosha. Mimi nasema ilianguka kwa sababu haikutaka kujua mahali ilipojidai kuwapo. Na nikishaeleza hayo, nitawaomba tuzungumze juu ya filamu ambayo mji huu wa Bujumbura unaweza kuitengeneza.

Kwanza niwakumbushe vijana habari ya mamba mwenyewe, kwa maana wapo waliolisikia jina tu. Gustave ni jina alilopewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi miaka mingi na kujifunza habari za mamba kwa kuwafuatilia mwenyewe mtoni na ziwani. Hakuna aliyewahi kumpima kwa kamba. Kwa kumtazama kutoka mbali alikadiriwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 6 na uzito wa karibu kilo 900, wakati dume kubwa la kawaida la mamba wa Naili huishia kwenye mita 4 au 5. Mwanzoni alidhaniwa ana miaka 100. Baadaye alionekana akiwa na meno kamili, na mamba mzee sana hupoteza meno, basi makadirio yakashuka hadi kama miaka 60. Alitambulika kwa makovu ya risasi mwilini na kovu kubwa kwenye bega la kulia. Makao yake yalikuwa mto Rusizi na ufuko wa kaskazini wa Tanganyika, na safari zake zilihusishwa na fuo za kusini hadi Magara na Rumonge. Watu wanaosemekana kuliwa naye ni 300, idadi ambayo nitairudia baadaye. Miaka ya karibuni imeandikwa kwamba aliuawa, lakini picha ya mzoga haijatolewa.

Hoja ya kwanza inahusu ahadi, nami sitakaa nayo sana. Filamu hii iliuzwa kwa hila. Matangazo yake yalisema inatokana na kisa cha kweli cha muuaji aliyeua watu wengi kuliko wote katika historia, na mamba akafichwa. Mtu alikata tikiti akitarajia kuona mwanadamu mwenye kisu, akakuta mnyama mwenye mkia. Mtazamaji aliyedanganywa mlangoni hukaa kitini akiwa amekasirika, na mtu mwenye hasira haogopi. Katika kumbi za Marekani ilikusanya zaidi kidogo ya dola milioni 10, kisha ikasahaulika. Ninyi mnaoandaa mabango ya filamu zenu, lishikeni hilo: bango ni sehemu ya hadithi.

Hoja ya pili ndiyo iliyonileta hapa. Filamu inatuambia kwamba tuko mahali pa mbali mno, porini, ambako dunia imekwisha. Wageni wanavuka nyika, wanafika kijijini, na kila hatua inawatenga zaidi na watu. Mandhari yenyewe ni ya Afrika Kusini, maana ndiko ilikopigwa. Mimi sidai kwamba filamu lazima ipigwe pale pale inaposimuliwa. Tatizo ni kwamba walipohamisha kamera walihamisha pia ukweli uliokuwa wa kutisha kuliko uongo wao.

Kutoka katikati ya Bujumbura hadi Hifadhi ya Taifa ya Rusizi ni takriban kilomita 15. Uwanja wa ndege uko njiani. Ndege ikikaribia kutua, abiria aliyekaa dirishani anaona delta, matete, na maji ya kahawia ya mto yakiingia katika maji ya buluu ya ziwa. Yaani mnyama ambaye Hollywood ilimpeleka mwisho wa dunia alikuwa akiishi kwenye mlango wa mji mkuu, jirani na watu wanaokwenda kazini, wanaosoma chuo kikuu, wanaokunywa soda ufukweni siku ya Jumapili. Wakazi wa Kinindo na Kibenga wanajua kwamba kiboko hutoka ziwani usiku na kula majani karibu na nyumba za watu. Mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipopanda na kuizamisha Gatumba, mpaka kati ya barabara na makazi ya wanyama ulipotea kabisa. Huku si porini. Huku ni mjini, na maji yana wenyewe.

Naomba niwape onyesho moja ambalo halimo katika Primeval. Ni saa kumi na moja alfajiri, Kajaga. Mvua ilinyesha usiku, kwa hiyo maji ni mazito, huoni hata vidole vya mguu wako yakifika kwenye kifundo. Mama ameweka beseni kwenye mchanga, sabuni ya mche ameikata vipande viwili, kimoja cha leo na kimoja cha kesho. Anainama kusuuza shuka. Mtoto wake wa miaka sita amesimama karibu na dumu la njano, anangoja aambiwe alijaze. Nyuma yao pikipiki inapita barabarani. Ziwani mitumbwi ya ndagala inarudi, taa zake bado hazijazimwa, na wavuvi wanaitana. Kila kitu kiko mahali pake. Mama anamwambia mtoto, jaza dumu tuondoke.

Hapo niishie. Kila mtu katika ukumbi huu ameshaogopa, na hatujamwona mamba, hatujatumia hata faranga moja kwa picha za kompyuta. Tumeogopa kwa sababu tunajua kwamba mama huyo hana budi kuja hapo kesho pia. Mahali ambapo bomba halifiki, ziwa ndilo bomba. Wageni wa kwenye filamu wanaweza kupanda ndege wakaondoka, na ndiyo maana hatuwasikitikii kwa dhati, walikuja wenyewe. Lakini mtu anayechota maji, anayekata matete, anayetega nyavu, anaingia majini kwa sababu mchana nyumbani patakuwa na sufuria. Wataalamu wa mamba wanaeleza kwamba mnyama huyu hupenda kuvizia pale ambapo windo lina mazoea, lile linalorudi mahali pale pale, saa ile ile. Mazoea ndiyo maisha ya maskini. Humo ndimo hofu ya kweli ya Rusizi ilimokaa, na filamu ile haikuigusa hata kwa dakika moja.

Filamu haikulipa ziwa lenyewe haki yake. Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina cha mita 1,470. Hapa duniani ni Baikal tu linalolizidi kwa kina. Upande wa pili kuna milima ya Kongo ambayo jioni za kiangazi hukaribia kana kwamba unaweza kuigusa, na siku za vumbi hutoweka yote. Mwongozaji mwenye jicho angemaliza nusu ya kazi yake kwa kusimama tu ufukweni na kungoja mwanga ubadilike.

Hoja ya tatu ni mnyama mwenyewe. Katika Primeval mamba anakimbia. Anamfukuza mtu nchi kavu, kupitia nyasi, anapinda kona, anaruka. Walimchora kwa kompyuta na wakataka tuone kila pembe ya kazi yao. Sasa, mamba anaweza kukurupuka nchi kavu, na mwendo wake wa ghafla si wa kubezwa, lakini huchoka upesi. Nguvu yake iko katika kutotembea. Nendeni Musée Vivant, bustani ya wanyama ya hapa mjini, mkasimame mbele ya ua la mamba kwa nusu saa. Watoto hufika, hutazama, husema amekufa, hurusha kijiti. Mamba hapepesi jicho. Kinywa kiko wazi, ngozi ya ndani ni ya njano iliyofifia, nzi wanatua kwenye meno. Mtu mzima anayebaki pale kwa muda anaanza kuona kitu ambacho watoto hawajakiona: kile kifua kinapanda na kushuka, taratibu mno, na muda wote lile jicho linafuata mkono wa mlinzi. Akiwa ametulia chini ya maji anaweza kukaa zaidi ya saa nzima bila kuvuta pumzi. Anaweza kukaa miezi bila kula. Shambulio lenyewe ni la sekunde chache. Kwa hiyo filamu ya mamba ni filamu ya kungoja. Mwongozaji asiyejua kungoja hana haja ya kumgusa mnyama huyu.

Steven Spielberg alilijua hilo mwaka 1974 kwa kulazimishwa. Papa wa bandia waliotengenezwa kwa ajili ya Jaws waliharibika kwenye maji ya chumvi, wiki zikapita, na ikabidi hadithi isonge bila papa kuonekana. Inapita zaidi ya saa nzima kabla hatujamwona vizuri. Kilichobaki kilikuwa maji, muziki wa John Williams, na nyuso za watu. Mwaka ule ule wa Primeval, yaani 2007, Waaustralia wawili, David Nerlich na Andrew Traucki, walitoa Black Water kwa fedha kidogo sana: watu watatu juu ya mti wa mkoko, mamba chini, basi. Walitumia picha za mamba halisi na wakamwonyesha kwa uchache. Anayetaka kujua tofauti ya filamu hizi mbili azitazame kwa kufuatana. Moja ina magari, bunduki, helikopta na wapiganaji. Nyingine ina tawi la mti. Ya tawi inatisha zaidi.

Na kisa cha kweli cha Gustave kilikuwa na mwisho bora kuliko wowote uliobuniwa. Sikilizeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Faye na timu ya watengeneza filamu walijaribu kumkamata. Filamu ya ukweli iliyotokana na jaribio hilo, Capturing the Killer Croc, ilitolewa mwaka 2004. Walitengeneza mtego wa chuma wa urefu wa karibu mita 9 na uzito wa tani moja, wakauingiza mtoni. Wakaweka chambo cha aina mbalimbali. Wakatega kamera inayoona gizani. Gustave alionekana akipita karibu, na hakuingia. Siku zikawaishia. Katika juma la mwisho wakamfunga mbuzi hai ndani ya mtego. Usiku huo ikaja dhoruba, kamera ikazimika. Asubuhi walikuta mtego umezama nusu na mbuzi hayupo. Kilichotokea gizani hakikurekodiwa. Huenda maji yalipanda mbuzi akatoroka. Huenda ni mamba.

Ndugu zangu, kuna mwandishi gani wa hadithi za kutisha asiyetamani kupewa mwisho kama huo? Tani moja ya chuma, ujuzi wote wa wageni na wenyeji, na mto unafuta ushahidi usiku mmoja. Waandishi wa Primeval walikuwa nacho mezani, kwa sababu kisa kilikwisha kutangazwa miaka mitatu kabla. Wakakiacha wakachagua mapanga na milipuko. Hapo ndipo ninapoumia. Kushindwa kubuni ni jambo linaloweza kumpata yeyote. Kupewa na kukataa ni jambo jingine.

Hoja ya nne ni nzito kidogo, na naomba uvumilivu wenu. Inahusu waliokufa. Katika filamu ile habari ya mamba inakuwa habari siku anapokufa mzungu. Wahusika wenyewe wanalitaja jambo hilo, kana kwamba filamu inataka kulilaumu, halafu inaendelea kufanya vile vile: wageni wana majina, wana hofu, wana ucheshi, wenyeji ni umati, ni mganga, ni kijana mmoja wa kuhurumiwa, ni maadui wenye bunduki. Mpiga picha Mmarekani mweusi anapewa utani kuhusu utumwa ambao sitaurudia mbele ya wazee. Vita vyetu vimegeuzwa pazia la nyuma. Kumbukeni tarehe: makubaliano ya kusimamisha vita na kundi la mwisho yalitiwa saini Septemba 2006, na filamu ikatoka Januari 2007. Kuna watu humu walikuwa bado hawajamaliza matanga. Msingi wa kisa chao ni kwamba mamba alizoea nyama ya binadamu kwa sababu ya maiti zilizotupwa mtoni. Wazo hilo halikubuniwa na Hollywood. Watu wetu wenyewe walilisema, kwa sauti ya chini. Lakini mtu anayelisema kwa sauti ya chini anamkumbuka nduguye. Filamu ililisema ili ifike haraka kwenye onyesho la kufukuzana.

Sasa ile idadi ya 300. Haikuthibitishwa popote. Huenda ni wachache zaidi, na huenda wengine waliuawa na mamba wengine, maana Rusizi haikuwa na mamba mmoja. Afrika Mashariki tuna mfano wa kutufundisha. Mwaka 1898, reli ya Uganda ilipofika Tsavo, simba wawili waliwaua wajenzi kwa miezi mingi hadi J. H. Patterson alipowapiga risasi. Katika kitabu chake alihesabu vibarua 28 wa Kihindi, na akaongeza kwamba walikufa pia Waafrika wengi ambao hakuna rekodi yao iliyowekwa. Baadaye idadi ikatangazwa kuwa 135. Mwaka 2009 watafiti walipima mifupa na manyoya ya simba hao, ambao ngozi zao ziko Field Museum, Chicago, wakakadiria watu kama 35 walioliwa. Hollywood nayo ikatengeneza The Ghost and the Darkness mwaka 1996, na yenyewe ikapigwa Afrika Kusini, ikiwapa simba manyoya marefu ya shingo ambayo simba wa Tsavo hawakuwa nayo.

Mnaona jinsi idadi inavyopanda na kushuka, lakini hakuna anayeuliza majina? Idadi kubwa inamkuza mnyama. Inamfanya awe bingwa wa dunia. Ila mtu mmoja aliyevutwa chini mbele ya mtoto wake hahitaji wengine 299 ili kifo chake kiwe cha kutisha. Nawaambia waandishi wa skripti wachanga: mkitaka kumtisha mtazamaji, msimhesabie maiti. Mpeni mtu mmoja ampende kwa dakika 40.

Hoja ya tano ni ya pesa, na nitaisema kwa kifupi kwa sababu ndiyo kisingizio chetu cha kila siku. Primeval haikuwa miongoni mwa filamu za gharama kubwa za Hollywood, lakini ukiipima kwa mizani yetu ilikuwa na kila kitu. Upande wa pili tazameni Wakaliga, kitongoji cha Kampala. Isaac Nabwana, anayejulikana kwa jina la Nabwana I.G.G., alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200, kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe kutoka vipande vya zamani, bunduki zikiwa za mabomba na mbao. Leo inatazamwa na mamilioni. Dar es Salaam, Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta, filamu za kutisha zilizoingia katika mabanda ya video na nyumba za watu, kwa sababu mizimu yake ilizungumza lugha ya watazamaji. Marehemu Lufufu alisimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, na wapo watu wanaokumbuka sauti yake kuliko filamu zenyewe. Na hapa Burundi, Léonce Ngabo alitupa Gito l'ingrat mwaka 1992, filamu yetu ndefu ya kwanza, wakati vifaa vilikuwa vigumu kupatikana kuliko leo. Tangu 2009 tuna tamasha letu la filamu, FESTICAB, alilolianzisha yeye huyo huyo. Basi milango ipo.

Mwenzangu mmoja aliniuliza kabla hatujaingia: je, si aibu kuitengenezea nchi yetu filamu ya mamba, wakati dunia inatujua kwa mabaya tu? Nimelifikiri swali hilo kwa uzito. Jibu langu ni kwamba hofu ni mali ya watu kama furaha ilivyo. Bibi zetu walitutisha kwa hadithi za mazimwi ili tusiende mtoni peke yetu, na kwa hadithi hizo walitufundisha kina kiko wapi, mkondo unapita wapi, saa gani ya kuogopa. Aibu ni kuacha hofu yetu isimuliwe na mtu asiyejua hata maji yako upande gani.

Sasa tufanye nini? Nina mapendekezo ya mezani, si ya ndotoni.

La kwanza ni masikio. Kabla ya kamera, chukueni kinasa sauti. Simu nyingi mlizo nazo zinatosha kwa kuanza. Nendeni Kajaga, Gatumba, Kanyosha, Magara, Rumonge. Kaeni na wavuvi wa mukeke na ndagala, kaeni na akina mama wanaofua, kaeni na askari wa hifadhi. Msiulize habari za Gustave kwanza. Ulizeni siku inavyokwenda. Habari ya ingona, yaani mamba, itakuja yenyewe, na itakuja na vitu ambavyo hamkuvijua: jina la mahali pasipoogwa, neno ambalo halitamkwi mtumbwini, jinsi mtu anavyopiga maji kwa kasia kabla ya kushuka. Wale walio tayari kutaja wafu wao, andikeni majina kwa idhini yao. Wasiokuwa tayari, waacheni na ukimya wao. Rekodi hizo zihifadhiwe hapa Bujumbura, mahali mwanafunzi wa miaka 20 ijayo anaweza kuzisikiliza.

La pili ni sauti ya mahali. Filamu ya Tsavo niliyoitaja, pamoja na makosa yake, ilipata tuzo ya Oscar ya uhariri wa sauti, na ukiisikiliza gizani utaelewa kwa nini. Sisi tuna mkoromo wa viboko usiku, mvua kwenye bati, matete yakisuguana, injini ya mtumbwi inayokataa kuwaka. Hivyo havinunuliwi. Kijana mmoja mwenye maikrofoni nzuri na subira ya wiki chache kwenye delta anaweza kurudi na nusu ya filamu.

La tatu, tuanze na fupi. Dakika 15, wahusika wasiozidi wanne, Kirundi na Kiswahili vikichanganyika kama vinavyochanganyika sokoni Buyenzi, na mamba asionekane kabla ya dakika ya 12. Mnyama halisi anaweza kurekodiwa akiwa salama ndani ya ua. Mwigizaji hana sababu ya kukaribia maji yenye mamba wala viboko, na mwongozaji atakayemweka mtu wake hatarini kwa ajili ya picha asikaribishwe katika kazi hii. Idhini ya kurekodi hifadhini iombwe mapema. Mzee anayeijua delta awe mshauri wa kulipwa, jina lake litokee mwanzoni mwa filamu pamoja na majina ya wengine, siyo mwishoni watu wakiwa wameshasimama.

Kwa upande wangu, mwenyekiti wa kikao hiki ameniruhusu niseme kwamba nitasoma kila skripti itakayoletwa kabla ya mwisho wa Mei, na nitairudisha ikiwa na maoni ya maandishi, iwe ya mwanafunzi au ya fundi baiskeli. Kiangazi kikiingia mwezi Juni, barabara za Gatumba zikipitika na anga likiwa halina mawingu, tuwe tumeshachagua tatu. Tutazirekodi Juni na Julai. Usiku wa mvua tutaungoja hadi Oktoba na kuurekodi kwa mvua yenyewe, maana sina imani na mvua ya mpira wa bustani. Wenye mitumbwi ya kukodisha, wenye taa, wenye jenereta isiyopiga kelele, naomba mnione hapa mbele kabla hamjaondoka, ili tuandike namba zenu leo hii.